SOMO LA 31: HADITHI ISIYOZEEKA

Siku moja, katika shule moja ya Goma, mtoto alimwuliza mwalimu wake: "Mwalimu, mbona tunasoma maneno ya watu waliokufa zamani? Yatatufaa nini leo?" Wenzake wakacheka. Mwalimu hakukasirika. Alisema: "Kaeni vizuri, mnisikilize."

"Palikuwa na kima aliyekaa juu ya mti kando ya bahari. Chini, majini, alikaa papa, samaki mkubwa mwenye meno makali. Kila siku kima alikula matunda na kumtupia papa mengine, hata wakawa marafiki. Siku moja papa akasema: 'Rafiki yangu, umenitendea mema mengi. Panda mgongoni mwangu, twende kwetu nikakupe zawadi.' Kima akapanda. Walipofika mbali na pwani, papa akamwambia: 'Sultani wetu ni mgonjwa sana, na dawa yake ni moyo wa kima.' Kima akaona hatari. Hakulia wala hakupiga kelele. Akajibu: 'Mbona hukuniambia mapema? Sisi kima tukisafiri huacha mioyo yetu mitini. Nirudishe nikautwae.' Papa akamwamini, akarudi. Kima akaruka mtini, akakaa kimya. Papa akaita: 'Twende!' Kima akajibu: 'Nenda peke yako. Mimi siendi tena.'"

Watoto walifurahi mno. Mwalimu akauliza: "Katika ziwa letu la Kivu, yumo papa?" Wote wakajibu: "Hayumo!" "Basi hadithi hii imetoka wapi hata ikafika kwetu?" Wakanyamaza.

Mwalimu akawaeleza. Hadithi hii ilikuwamo katika kitabu cha Wahindi kiitwacho Panchatantra, chenye umri wa zaidi ya miaka 1,500. Huko Uhindi, rafiki wa kima alikuwa mamba. Katika karne ya 6, Burzoe, mganga wa mfalme wa Uajemi, alikitafsiri kitabu hicho kwa lugha ya kwao. Katika karne ya 8, Ibn al-Muqaffa alikitafsiri kwa Kiarabu, kikaitwa Kalila na Dimna. Humo mamba amekuwa kobe. Hadithi ikafika hata Unguja, na kobe akawa papa. Mmisionari Mwingereza, Edward Steere, aliisikia huko, akaitia katika kitabu cha hadithi za Kiswahili kilichopigwa chapa London mwaka 1870.

Tena mwalimu akasema: "Mnamjua kunguru aliyesifiwa na mbweha, akafungua kinywa, akapoteza jibini yake. Mmemsoma kwa Kifaransa. Aliyeandika hivyo ni Jean de La Fontaine, aliyekufa mwaka 1695. Lakini naye alipokea hadithi nyingi kutoka kwa Esopo, Mgiriki aliyeishi zaidi ya miaka 500 kabla ya Kristo. Na katika kitabu chake cha mwaka 1678, alimshukuru Pilpay, mwenye hekima wa Uhindi. Pilpay ndiye anayetajwa kuwa mwenye hadithi za Kalila na Dimna. Basi La Fontaine na Waswahili wamechota maji katika kisima kimoja."

Kisha akamgeukia yule mtoto. "Umeuliza yatatufaa nini. Je, leo hakuna watu wanaomwambia mtoto: 'Njoo, panda, nitakupa zawadi'?" Darasa likawa kimya kabisa. Watoto wa Goma walijua kwamba watu hao wapo. "Mwenye kuandika hadithi hii hakukujua wewe, wala mji wako. Lakini alimjua papa. Papa hubadili sura tu: jana mamba, leo mtu mwenye maneno matamu. Kwa hiyo hadithi haizeeki."

Mtoto mwingine akasema: "Mwalimu, vitabu vyaungua." Ni kweli. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulishuka mpaka katikati ya mji. Nyumba nyingi ziliteketea, hata kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu.

Mwalimu akajibu: "Umesema vema. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Ndiyo sababu twaandika. Lakini daftari nalo laweza kupotea. Basi tuweke hadithi mahali pawili, katika kitabu na moyoni." Akamwambia yule aliyeuliza kwanza: "Funga kitabu, simama, utusimulie habari za kima."

Mtoto akasimama, akasimulia yote. Jioni aliwasimulia wadogo zake nyumbani.

MANENO MAPYA
Kutafsiri: kugeuza maneno ya lugha moja kuwa ya lugha nyingine.
Kupiga chapa: kutoa kitabu kwa mashine.
Kuteketea: kuungua kabisa.

MAULIZO
1. Kima alijiokoaje?
2. Rafiki wa kima alikuwa nani kwa Wahindi? Kwa Waarabu? Kwa Waswahili?
3. La Fontaine alipokea hadithi kwa nani?
4. Mtu usiyemjua akikuahidi zawadi ili umfuate, utafanya nini? Utamwambia nani?
5. Mwombe mzee wa kwenu hadithi moja. Iandike katika daftari, kisha uisimulie bila kuitazama.