Anza na Mfereji wa Nyumbani

Umeitwa chuo kikuu kusomea usimamizi wa mazingira na migogoro, na kwenu ni Njukini, kule Taveta nchini Kenya. Basi kabla hujapanda matatu ya Voi, nunua daftari la jalada gumu na kalamu mbili, ushuke mferejini. Wenzako watasoma muhula mzima habari za ugomvi wa maji katika nchi wasizozijua. Wewe ugomvi unao mlangoni.

Usimuulize mtu nani anaiba maji. Hilo ni swali la polisi, na jibu utapewa kulingana na ukoo wako. Uliza mambo yanayohesabika: zamu yako ya maji ilianza saa ngapi usiku, maji yakafika shambani saa ngapi, ndizi zilishiba au zilikauka? Muulize mwenye shamba la juu, muulize na wa mkiani mwa mfereji, kisha mtafute mfugaji anayenywesha ng'ombe njiani. Majina usiandike. Andika "wa mkiani, mwanamke, ekari moja", kwa maana daftari huanguka, na likianguka husomwa.

Kisha pima. Hapa ndipo wengi wa fani hii huteleza, wakidhani migogoro ni maneno tu. Chagua kipande cha mfereji kilichonyooka, mita 10, utupe chungwa juu ya maji na kushika saa. Likitumia sekunde 20, mwendo ni nusu mita kwa sekunde. Zidisha kwa upana na kina, tuseme sentimita 60 kwa 20. Halafu zidisha tena kwa 0.85, kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Utapata kama lita 51 kwa sekunde. Rudia asubuhi na jioni, juu na mkiani, kwa wiki mbili. Sasa unaweza kujua kama maji yamepungua kwenye chanzo au yanapotelea njiani. Hizo ni kesi mbili, na baraza nyingi huziamua kama moja.

Chuoni utakutana na Garrett Hardin, aliyeandika mwaka 1968 kwamba mali ya wote huishia kuharibiwa na wote. Usimwamini upesi. Msome pamoja na Elinor Ostrom, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2009 kwa kuonyesha kwamba wanakijiji wanaweza kutunza mali yao ya pamoja kwa kanuni walizojiwekea wenyewe. Kila ukurasa mlinganishe na mgawa zamu wa kwenu. Na ukiruhusiwa kuchagua masomo, chukua takwimu, uchoraji ramani wa kompyuta na sheria, hata kama hesabu inakutoa jasho. Sheria ya Maji ya 2016 isome mwenyewe, hasa panapozungumziwa vyama vya watumiaji wa maji.

Migogoro si ya maji tu: tembo wanaovamia mashamba nao wana somo lao. Sheria ya Wanyamapori ya 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni 5 kwa mtu aliyeuawa na mnyama aliyetajwa humo, na mimea iliyoharibiwa nayo ina utaratibu wake wa madai. Jirani akivamiwa, msaidie kupiga picha siku hiyohiyo, kuripoti kwa Shirika la Wanyamapori la Kenya (KWS) na kujaza fomu. Utajifunza zaidi katika foleni hiyo ya madai kuliko katika mhadhara. Likizo moja fika Sagalla, karibu na Voi, uone uzio wa mizinga ya nyuki: mizinga imeunganishwa kwa waya, tembo akiusukuma nyuki wanatoka, naye huwakimbia. Muulize mkulima habari ya kiangazi, mizinga inapobaki mitupu. Watalii hawaulizi hilo.

Ukifika wakati wa utafiti, tafuta mapema kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, kisha umwone chifu na wazee wa mfereji. Chuo kitataka maandishi ya Kiingereza, lakini yale ya daftari yaache kama yalivyosemwa, yawe ya Kiswahili, Kitaveta au Kikamba. Neno la mtu kuhusu zamu yake halihamishwi bila kumwaga kitu.

Kabla ya kuwasilisha tasnifu, rudi Njukini uwasomee matokeo kwa Kiswahili, ramani yako ikiwa ardhini mbele yao. Mzee atachukua kijiti na kukuonyesha tawi la mfereji ulilolisahau. Mpe kalamu alichore.