Je, Risasi Iliyolowa Maji Imekufa?

Wakazi wa Ngagara, kama wenzao wa Gatumba mpakani, wanajua kuwa mafuriko hufukua yaliyozikwa. Penye matope huonekana pengine risasi, mfuko wa baruti, hata bomu la mkono la zama za vita. Wapo wanaodhani kwamba maji yamekwisha kuviua.

Dhana hiyo ilitokana na magobore: baruti yake ina shura, nayo shura huyeyuka majini. Baruti ya risasi za kisasa haiyeyuki, ikikauka huwaka. Fataki iliyo kitakoni mwa ganda nayo huzubaa ikiwa na unyevu, kisha huweza kuamka ikianikwa. Baruti iliyoharibika nusu huisukuma risasi kwa unyonge, ikakwama mtutuni. Inayofuata huipasua bunduki usoni mwa aliyeishika. Kwenye bomu la mkono, kutu hula pini inayolizuia.

Kwa hiyo usiguse, usianike, wala usitupe chooni au mtoni. Weka alama kwa mbali, ukawaite polisi, usiwabebee kituoni. Na wazazi wawaonye hasa watoto wanaookota shaba ya kuuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu.