Kiswahili katika Sherehe za Kwanzaa: Maana, Mabadiliko na Umiliki wa Lugha

Utangulizi

Kila mwaka, kuanzia tarehe 26 Desemba hadi tarehe 1 Januari, familia nyingi za Wamarekani Weusi hukusanyika, huwasha mishumaa saba na kusalimiana kwa Kiswahili. Anayeulizwa "Habari gani?" hajibu "nzuri" kama tujibuvyo sisi, bali hutaja nguzo ya siku hiyo: "Umoja!" siku ya kwanza, "Imani!" siku ya saba. Sherehe hizi ndizo Kwanzaa. Makala haya yanadhamiria kuchunguza msamiati wa Kiswahili unaotumika humo na kujibu swali moja: je, mwanafunzi wa Kiswahili auchukulie msamiati huo kuwa makosa yanayongoja kusahihishwa, au auone kuwa ni matumizi halali ya lugha yake?

Usuli

Kwanzaa iliasisiwa na Maulana Karenga huko California mwaka wa 1966. Mnamo Agosti 1965 mtaa wa Watts, mjini Los Angeles, ulikuwa umekumbwa na machafuko ambamo watu 34 walipoteza maisha. Karenga alishikilia kwamba watu walionyang'anywa majina, lugha na historia yao hawawezi kupata ukombozi wa kisiasa bila kujikomboa kwanza kiutamaduni. Falsafa yake aliiita Kawaida. Kwa hiyo Kwanzaa ilikuwa, tangu mwanzo, sherehe ya sanaa na utamaduni iliyobeba fikra za kisiasa.

Kiswahili kiliteuliwa kwa sababu hakikufungwa katika kabila moja. Wapinzani wa uteuzi huu husema kwamba mababu wengi wa Wamarekani Weusi walitoka magharibi mwa Afrika, na kwamba pwani yetu yenyewe ilikuwa njia ya biashara ya watumwa katika karne ya 19. Hoja zote mbili ni za kweli kihistoria. Hata hivyo, waanzilishi hawakudai kuwa Kiswahili kilikuwa lugha ya mababu zao. Walitafuta lugha ambayo Mwafrika yeyote angeweza kuingia bila kuomba ruhusa ya kabila fulani. Sisi Wakenya tunaielewa hoja hiyo vizuri, kwa kuwa nasi tulikiteua Kiswahili kuwa lugha ya taifa kwa sababu iyo hiyo.

Uchanganuzi wa Nguzo Saba

Nguzo zenyewe ni Umoja, Kujichagulia, Ujima, Ujamaa, Nia, Kuumba na Imani. Tukiziangalia kimofolojia, tunaona kwamba tatu zina kiambishi u- cha nomino dhahania (umoja, ujima, ujamaa), mbili ni vitenzi-jina vya ku- (kujichagulia, kuumba), na mbili ni nomino zenye asili ya Kiarabu zisizo na kiambishi dhahiri (nia, imani). Neno "ujamaa" linaunganisha pande mbili: shina lake ni la Kiarabu na kiambishi chake ni cha Kibantu. Hivyo orodha hii fupi inatosha kumfundishia mwanafunzi wa mwaka wa kwanza namna Kiswahili kinavyounda dhana.

Kimaana, maneno hayo hayakusafiri kwa njia moja. Yako yaliyofika salama, kama vile umoja, nia na imani. "Ujima" nalo limehifadhi maana yake ya kufanya kazi kwa kusaidiana, ingawa huko limeongezewa wazo la kuwajibika kwa pamoja.

Yako pia yaliyobadilika. "Ujamaa" lilikwisha kupewa maana ya kisiasa na Mwalimu Nyerere katika insha yake ya mwaka wa 1962. Katika Kwanzaa limefinywa, likawa hasa ushirika wa kiuchumi: kujenga maduka na biashara za jamii. Tukumbuke kwamba Kwanzaa ya kwanza ilisherehekewa wiki chache kabla ya Azimio la Arusha la Februari 1967. "Kuumba", ambalo kwetu humhusu Mungu au mfinyanzi, limepanuka likajumuisha ubunifu wote wa kisanaa. "Kawaida" ndilo lililokwenda mbali zaidi. Kwetu ni jambo la siku zote lisilo ajabu, na kule ni jina la falsafa nzima.

Hatimaye yako yaliyofuata nyayo za Kiingereza. Jina Kwanzaa lilitokana na fungu la maneno "matunda ya kwanza", ambalo ni tafsiri sisisi ya Kiingereza. Kiswahili kina neno lake, yaani limbuko, na kitenzi kulimbua. Irabu ya mwisho nayo iliongezwa, kama inavyosimuliwa, ili jina liwe na herufi saba zitakazowakilishwa na watoto saba. Kwa kanuni yetu ya shadda, neno hilo lingetamkwa kwa mkazo kwenye "nza", lakini Wamarekani huuweka kwenye silabi ya kwanza.

Nani mwenye lugha?

Mwalimu mkali angeweza kuishia hapo, akapiga mstari mwekundu chini ya "matunda ya kwanza". Tuonavyo sisi, kufanya hivyo ni kukosa shabaha. Msemaji wa Kwanzaa hajifunzi Kiswahili ili aagize chai Mombasa. Anakitumia kama lugha ya ibada ya kijamii, na lugha ya namna hiyo huwa na maneno machache yaliyobeba uzito mkubwa. Tena matumizi hayo yalizaa majina ya kifasihi: mshairi LeRoi Jones akawa Amiri Baraka, naye Don L. Lee akawa Haki Madhubuti. Walichagua maneno ambayo sisi huyapita kila siku bila kuyatazama.

Hata hivyo, heshima si kunyamaza. Msomi wa Kiswahili ana wajibu wa kueleza kwamba limbuko lipo, kwamba lugha hii ina wenyewe wanaoizungumza nyumbani na sokoni, na kwamba alama bila wazungumzaji hukauka. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wapo wanafunzi katika vyuo vyetu wanaoona haya kukizungumza Kiswahili nje ya darasa. Neno "kujichagulia" lina funzo kwao pia.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba msamiati wa Kwanzaa umehifadhi baadhi ya maana, umebadilisha nyingine na kutafsiri nyingine kutoka Kiingereza. Tunapendekeza msamiati huu ufundishwe katika kozi za semantiki na isimujamii, na maana zake mpya ziingizwe kamusini pamoja na maelezo ya mahali zitumikapo. Lugha inayodai kuwa ya Afrika nzima haina budi kuwasikiliza pia Waafrika waliotenganishwa nayo na bahari.