Vidonge vya kutanua mishipa: je, vinaua figo?

Ndugu msomaji, shukrani zote ni za Allah (S.W.) aliyeuumba mwili wa mwanadamu kwa mizani. Leo tuzungumzie maneno yanayosikika majumbani na hata kwenye baraza za misikiti, kwamba vidonge vya moyo na presha "vinaua figo". Kwa kuyaamini maneno hayo, wapo wagonjwa wanaoacha dawa kimya kimya, kisha miguu ikavimba na pumzi ikabana. Wapo pia wanaoendelea kuzimeza hata siku ambayo zingepaswa kusimamishwa. Wote wamo hatarini.

Figo huchujaje damu?

Moyo wa mtu mzima aliyetulia husukuma takriban lita 5 za damu kwa dakika. Karibu moja ya tano yake huenda kwenye figo mbili, ambazo kila moja ni kubwa kama ngumi tu. Kwa siku moja figo huchuja lita 180 hivi za majimaji, na karibu yote hurudishwa kwenye damu. Ni lita 1 hadi 2 tu zinazotoka kuwa mkojo.

Kila kichujio kina mshipa mdogo wa kuingiza damu na mwingine wa kuitoa. Chukua mfano wa mpira wa maji wenye vitundu katikati. Ukiubana mbele ya vitundu, upande yanakotokea maji, maji huruka vitunduni kwa nguvu. Ukiubana nyuma yake, upande yanakoingilia, hudondoka tone tone. Maji au damu inapopungua mwilini, kemikali iitwayo angiotensini hubana zaidi ule mshipa wa kutolea, ili kazi ya kuchuja isisimame.

Dawa zinafanya nini?

Kaptoprili, enalaprili na lisinoprili huzuia kemikali hiyo isitengenezwe, na losartani huizuia isifanye kazi. Mishipa hutanuka, na moyo uliochoka hupata nafuu katika kusukuma damu. Ndani ya figo, mshipa wa kutolea hulegea na msukumo wa kichujio hushuka. Kwa mwenye kisukari ambaye mkojo wake unavuja protini, kushuka huko huvilinda vichujio visichakae haraka. Utafiti uliotangazwa mwaka 1987, uliofanyika Sweden, Norway na Finland, ulionyesha kuwa enalaprili ilipunguza vifo vya wagonjwa ambao mioyo yao ilikuwa dhaifu mno.

Ndiyo maana kipimo cha kreatinini, kinachoonyesha kazi ya figo, huweza kupanda kidogo mwanzoni. Kikipanda chini ya asilimia 30 kisha kikatulia, kwa kawaida dawa huendelea. Kikizidi hapo, mgonjwa huchunguzwa upya. Basi pima damu kabla ya kuanza, na tena baada ya wiki 1 hadi 2, pamoja na kiasi cha potasiamu, kwani nayo huweza kupanda na kuudhuru moyo.

Hidralazini na amlodipini hutanua mishipa kwa njia nyingine, bila kuizuia kemikali hiyo. Kwa hiyo usiazimane vidonge na jirani kwa kuwa tu nyote mna presha.

Hatari iko wapi?

Kwanza, kukaukiwa maji. Anayeharisha, kutapika au kuwa na homa kali hupungukiwa maji, na dawa hizi zimeiondolea figo kinga yake. Nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo na vidonge vyako vyote. Mtaalamu ataamua kipi kisimame kwa siku chache na lini kirudi. Dalili za hatari ni mkojo kupungua sana, kizunguzungu ukisimama na kuchanganyikiwa.

Pili, dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni. Hizi husababisha mshipa wa kuingizia damu ubanike, wakati ule wa kutolea umekwisha kulegezwa. Ukiongeza na furosemaidi, kile kidonge cha kukojoza, figo zinaweza kusimama kazi ndani ya siku chache. Usinunue dawa za maumivu dukani bila kutaja dawa unazotumia.

Tatu, ujauzito. Jamii ya kaptoprili na losartani hudhuru figo za mtoto aliye tumboni. Mama mwenye mimba, au anayeitarajia, aseme mapema ili abadilishiwe dawa.

Ama kuhusu Ramadhani, mwenye moyo dhaifu anayetumia dawa hizi pamoja na kidonge cha kukojoza aonane na tabibu wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Wapo wanaoweza kufunga kwa kubadilishiwa saa za dawa, na wapo wasioweza. Asimeze dozi mbili kwa pamoja wakati wa daku ili kufidia. Katika Surat al-Baqara, aya ya 184 na 185, Allah (S.W.) amempa mgonjwa ruhusa ya kula. Akiambiwa asifunge, asione haya kuichukua ruhusa ya Mola wake, na amuulize sheikh wake kuhusu kulipa au kutoa fidya.

Ndugu msomaji, usiache dawa kwa maneno ya barazani, wala usiimeze kwa mazoea. Pima, uliza, na watu wa nyumbani mwako wazijue dawa zako kwa majina. Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu. Amin.