Mada ya 6: Wananchi na Uchafuzi wa Hewa Unaotokana na Viwanda

Utangulizi

Tuseme unaishi Mbweni, katika pwani ya Wilaya ya Kinondoni. Saa tano usiku moshi wa kiwanda kilicho upande wa bara unaingia ndani, na mdogo wako anaanza kukohoa. Wakazi wanalalamika. Baada ya wiki moja afisa mazingira anafika saa saba mchana, anakuta hewa shwari na kuondoka. Je, wakazi walisema uongo? La. Walikosa kumbukumbu.

1. Moshi hufuata upepo

Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hivyo upepo huvuma kutoka baharini kwenda bara. Usiku nchi kavu hupoa haraka, na upepo hugeuka kuelekea baharini. Kwa hiyo moshi uleule unaweza kuwasumbua watu wa bara mchana na watu wa pwani usiku. Pepo za msimu, yaani kaskazi na kusi, nazo hubadili mwelekeo wake.

ZINGATIA: Chembechembe zenye kipenyo kisichozidi maikromita 2.5 (PM2.5) hupenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na macho hayawezi kuziona moja moja. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza wastani wake kwa mwaka usizidi maikrogramu 5 katika mita moja ya ujazo ya hewa. Hewa inayoonekana safi si lazima iwe salama.

2. Daftari la ufuatiliaji

Andika siku hiyohiyo, usisubiri kukumbuka:
(a) tarehe na saa moshi ulipoanza na ulipokwisha;
(b) upepo ulikotoka (tazama matawi ya minazi au nguo kwenye kamba);
(c) rangi ya moshi, harufu, vumbi juu ya mabati na majani;
(d) dalili za ugonjwa na idadi ya walioumwa;
(e) picha, ikiwezekana.

Andika pia siku ambazo hakuna moshi. Daftari lenye siku mbaya tupu huonekana kama chuki dhidi ya kiwanda.

3. Ngazi za kutoa taarifa

Anzia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa, kisha ofisi ya kata, halafu idara ya mazingira ya manispaa, na baadaye NEMC. Peleka barua, ubaki na nakala yenye muhuri wa mapokezi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi, salama na yenye afya (kifungu cha 4), na haki ya kwenda mahakamani kuitetea (kifungu cha 5).

4. Kisa mafunzo: Tabata na Kunduchi

Hata kabla ya sheria hiyo, wakazi wa Tabata walilishtaki Jiji la Dar es Salaam mwaka 1988 kwa sababu ya moshi, uvundo na nzi wa dampo. Jiji lilipoomba muda zaidi wa kuendelea kutupa taka, Mahakama Kuu ilikataa, ikitaja haki ya kuishi iliyo katika Ibara ya 14 ya Katiba. Taka zikahamishiwa Kunduchi Mtongani, kusini mwa Mbweni. Huko nako mkazi mmoja na wenzake 794 walifungua shauri mwaka 1991, wakashinda.

Funzo: ushindi wa Tabata uliuhamisha moshi, haukuumaliza. Mkidai haki, ulizeni pia uchafu unapelekwa kwa nani.

5. Swali la mfano

Kwa nini afisa katika utangulizi hakuona moshi? Mngemsaidiaje? (Alama 6)

Jibu: Alifika mchana, upepo ukiwa unatoka baharini na kuupeleka moshi bara (alama 3). Wakazi wangemwonyesha daftari lenye saa na mwelekeo wa upepo, na kumwomba aje usiku au aweke kipimo cha hewa kwa saa 24 (alama 3).

Angalizo: Watahiniwa wengi hujibu "afisa alihongwa". Swali halina ushahidi huo, hivyo hutapata alama.

6. Zoezi

(i) Fafanua umuhimu wa kuandika siku zisizo na moshi.
(ii) Andika barua rasmi kwa mwenyekiti wa mtaa wako kuhusu moshi wa kiwanda, ukitumia kumbukumbu za siku saba.
(iii) "Kiwanda kimeleta ajira, tuvumilie moshi." Jadili.