Mkate wa Moto wa Nyama na Jibini

Mara ya kwanza nilipoufanya mkate huu nyumbani kwetu Sakina niliharibu kilo nzima ya nyama. Mama alikuwa amenunua steki kwa ajili ya babu, aliyekuja kututazama kutoka Ngaramtoni. Nikaikata vipande vinene, nikaikaanga robo saa kwa moto mkali, nikaitia ndani ya mkate pamoja na jibini. Babu alitafuna, akatafuna, kisha akasema kwa upole, "Mjukuu wangu, meno haya machache bado nayahitaji." Mama hakusema neno. Niliona haya sana.

Basi kosa lilikuwa wapi? Ng'ombe wetu wengi hutembea mbali kutafuta malisho, na nyama ya paja au ya bega ni misuli iliyofanya kazi. Misuli hiyo imeshikanishwa na nyuzi ngumu za protini iitwayo kolajeni. Moto mkali wa muda mfupi huzikaza tu; moto wa polepole pamoja na maji huzigeuza kuwa utelezi, ule ule ugandao juu ya supu ya makongoro ikipoa. Tena kumbukeni somo la Fizikia: Arusha iko kiasi cha mita 1,400 juu ya bahari, kwa hiyo maji huchemka hapa kwa kiasi cha digrii 95, wala si 100. Nyama iivayo Tanga kwa saa mbili yataka muda zaidi kwetu.

Twaa kilo moja ya paja, usiikate. Ipake chumvi, kitunguu saumu na pilipili manga, uikaange katika mafuta kidogo hata iwe ya kahawia pande zote. Tia vitunguu viwili na maji ya kufikia nusu yake. Funika, punguza makaa, uiache saa tatu. Maji yatikisike tu, yasitokote. Uma ukiingia bila kushindana, epua. Iache ipoe kwanza, maana nyama ya moto huvunjika chini ya kisu. Kisha ikate nyembamba sana, kwa kukingama na nyuzi zake, na uirudishe katika mchuzi uchemke tena.

Jibini nayo ina mambo yake. Ile ngumu ya manjano ya dukani huyeyuka vizuri. Ile ya nyumbani, ya maziwa yaliyogandishwa kwa ndimu, ni tamu lakini haiyeyuki hata ukiichoma (nimekwisha jaribu). Ukiitengeneza, chemsha maziwa kwanza, kwani maziwa mabichi huweza kuleta ugonjwa wa bruselosisi.

Pasua mkate, panga nyama, weka jibini juu, ufunike katika kikaango juu ya makaa machache kwa dakika tatu. Mchuzi utie bakulini wa kuchovya. Huko Los Angeles, Marekani, mikahawa miwili iliyoanza mwaka 1908 yote ilidai kuwa ndiyo iliyobuni kuchovya mkate wa nyama hivyo.

Babu alipokuja tena, mwezi wa Julai wakati wa baridi, alichovya pole pole, akala wote, akauliza kama upo mwingine. Mchuzi uliobaki mama aliupikia ndizi kesho yake.