Treni ya Kasulu: Namna ya Kuiunda kwa Mbao na Ndala

Kama umekulia Kasulu au Kibondo, huenda gari lako la kwanza lilikuwa la mabua, au la waya wenye magurudumu ya ndala na usukani mrefu unaoshikwa ukiwa umesimama. Wengi hudhani mchezo huo huisha mtu akianza kuvaa suruali ndefu. Sisi mtaani kwetu tuko sita, wawili wana wajukuu, na kila Jumapili saa kumi jioni tunakutana chini ya mwembe kuonyeshana tulichounda wiki nzima: malori, pikipiki za mizigo, na sasa treni. Ukitaka kuanzisha kundi kama hilo, soma hapa.

Utauliza, treni ya nini na huku hakuna reli? Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914 ikipitia kusini kwetu, kwa Uvinza na Kazuramimba. Sisi wa milimani tukabaki na barabara. Ndiyo sababu naipenda hiyo kazi. Lori unalikariri kwa macho, kwa kuwa linakupita kila siku. Treni itakulazimu upime, na anayejua kupima huunda vizuri hata lori.

Basi tuanze na kupima. Chagua uwiano, yaani kiasi utakachopunguza kitu halisi. Sisi tunatumia moja kwa ishirini: sentimeta 20 za kitu halisi zinakuwa sentimeta 1 kwako. Land Cruiser mkonga lenye urefu wa mita 5 na kidogo linakuwa na sentimeta 26 hivi. Wazungu wanaounda reli ndogo ndani ya nyumba wengi hutumia moja kwa 87, lakini vitu vyao vya kiwandani ni vidogo mno kwa plaizi zetu.

Behewa la kuanzia liwe la kubebea kontena. Kwanza, ni ubao tambarare wenye boksi juu. Pili, huna haja ya kusafiri kwenda kulipima, maana makontena yaliyogeuzwa maduka yapo mitaani. Nenda na futi ya fundi, muombe mwenye duka kwa adabu, pima. Kontena la futi 40 lina urefu wa mita 12.2, upana wa mita 2.44 na kimo cha mita 2.6 hivi. Gawa kwa 20: kwako ni sentimeta 61 kwa 12 kwa 13. La futi 20 ni nusu ya urefu huo, na kwa mwanafunzi linatosha kabisa.

Reli nazo zikae umbali gani? Reli ya zamani inayofika Kigoma ina upana wa mita moja, ukipima kati ya kingo za ndani. Kwako ni sentimeta 5. Ile ya kisasa, ambayo mkataba wa kipande cha Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ulisainiwa Desemba 2022, ina milimita 1,435. Kwako ni sentimeta 7 na milimita 2. Chagua moja mwanzoni, na kundi zima liifuate. Sisi hatukukubaliana mapema, na wiki ya tano mabehewa ya watu wawili hayakukaa kwenye reli ya wenzao. Maneno yalikuwa mengi siku hiyo.

Reli usinunue. Pita kwa seremala uombe mabaki, akupasulie fito zenye kimo cha sentimeta 1. Mataruma, yaani vile vipande vinavyolala chini ya reli, kata kutoka mabaki hayohayo. Gonga misumari myembamba kutokea chini ya taruma ili kichwa cha msumari kisikwaze gurudumu.

Magurudumu ndiyo yenye ufundi. Gurudumu la gari la waya huzunguka lenyewe, ekseli imetulia. La treni limekazwa kwenye ekseli na vyote huzunguka pamoja. Tena lina ukingo upande wa ndani unaolizuia lisiteleze nje ya reli. Kata duara la ndala la sentimeta 4. Kata lingine kwenye ndoo ya plastiki iliyopasuka, lizidi la kwanza kwa milimita 3 pande zote. Yagundishe; la plastiki likae ndani. Ekseli iwe spoku iliyokatika, fundi baiskeli anazo tele. Mpenyo wake uwe mrija wa kalamu ya biki uliokwisha wino na kuoshwa, au kijiti cha pipi chenye tundu, mradi spoku izunguke bila kubanwa. Acha milimita 2 kila upande kati ya ukingo na reli. Tundu la katikati litoboe kwa msumari uliopashwa moto, mtoto asiachiwe kazi hiyo peke yake.

Gharama je? Ndala, ndoo, spoku na mabaki ya mbao ni bure au asante. Cha kununua ni plaizi, msumeno mdogo, supaglu na waya wa kufungia nondo, ambao duka la vifaa vya ujenzi hukupimia hata robo kilo. Sisi huchanga shilingi 500 kila mtu kwa wiki: watu sita, wiki nne, ni shilingi 12,000. Mwezi wa kwanza tulinunua plaizi moja ya kuazimana, na waya. Pesa ya mota usiitafute. Deki mbovu ina mota ndogo ndani, na betri mbili za kawaida huiamsha.

Jumapili kila mtu apewe dakika kumi: nini kimekamilika, nini kimeshindikana, wiki ijayo atafanya nini. Aliyekuja na gurudumu moja tu naye aonyeshe. Andikeni kwenye daftari, na kila kipande kipigwe namba. Meli ya Liemba ililetwa Kigoma kutoka Ujerumani ikiwa vipande ndani ya masanduku 5,000, ikaungwa na kushushwa ziwani mwaka 1915. Hebu fikiria bila namba ingekuwaje.

Mvua zikianza Oktoba, mwembe hautoshi. Ongeeni na mwalimu mkuu wa shule ya karibu, au Chuo cha Maendeleo ya Wananchi, kipo Kasulu na kipo Kibondo, muulizie nafasi kwenye karakana. Na mkienda kuangalia treni stesheni, ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha, wala msiokote hata boliti relini.

Behewa likiacha reli kwenye kona, usikimbilie kubadili magurudumu. Pima kwanza upana wa reli palepale lilipotokea, mara nyingi fito imesogea. Ikiwa upana ni sawa, basi kona ni kali mno: ipanue, mita moja na nusu kutoka kitovu hadi reli, kisha sukuma tena taratibu kwa kidole.